Siri Yako kwa Mshauri Nasaha ni Amana, Lakini Ijue Mipaka Yake

Hapa kwetu Pwani, ukimshauri mtu aende kwa mshauri nasaha, swali lake la kwanza huwa: "Na maneno yangu yatafika wapi?" Simlaumu. Mji wetu ni mdogo. Huyo mshauri huenda ni wifi wa jirani yako, na mumewe hukaa baraza moja na ami yako. Neno likitoka asubuhi, hata alasiri haijaadhiniwa limeshazunguka mtaa.

Basi watu hunyamaza. Hunyamaza kijana aliyenaswa na unga, mke anayepigwa, na mzee ambaye usiku fikra za kujitoa roho hazimwachi. Na wahenga walituonya kwamba mficha uchi hazai.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, zikiwemo habari za familia na mambo yake binafsi. Sheria ya Afya ya 2017 inataka habari za mgonjwa ziwe siri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika fungu la data nyeti, na anayeona zake zimetumiwa vibaya anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Washauri nasaha nao wana sheria yao ya 2014, inayowataka wasajiliwe.

Lakini siri hiyo ina mipaka. Mshauri anaweza kulazimika kusema endapo maisha yako au ya mwengine yako hatarini, endapo mtoto anadhulumiwa, au endapo mahakama imeamuru. Muulize mipaka hiyo siku ya kwanza, kabla hujafungua moyo. Mshauri mzuri hatachukia. Aghalabu atakueleza mwenyewe hata kabla hujauliza.

Na mwenye fikra za kujiua asiogope pingu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Tena kuwa na fikra si sawa na kujaribu. Ukimwambia mshauri, kazi yake ni kupima hatari iko karibu kiasi gani na kukutafutia msaada.

Wako wanaozuiliwa na dini. Husema: Mwenyezi Mungu amenisitiri, vipi nijifichue? Hoja hiyo ina uzito, kwani kutangaza madhambi kumekatazwa. Lakini anayejisifu kwa maovu yake hafanani na anayetafuta tiba. Fiqhi inamruhusu mgonjwa kumfunulia tabibu uchi wake kwa kadiri ya haja. Kidonda cha nafsi nacho kina haja yake: sema kinachohitajika ili utibiwe, na yasiyohitajika yaache kwenye sitara.

Wengine huogopa kusengenya, hasa mke anayetaka kumtaja mumewe. Imamu Nawawi, katika Riyadhu Swalihina, alitaja sababu 6 zinazoruhusu kutaja aibu ya mtu, zikiwemo kushtakia dhuluma na kuomba fatwa. Na Hind bint Utba alipomlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hakuambiwa kwamba anasengenya. Alipewa jawabu.

Kwa hivyo, ukiamua kwenda, hakikisha kwanza mshauri amesajiliwa. Mwanamke anaweza kuomba mshauri mwanamke. Ukihofia ujamaa, tafuta wa mji mwengine. Wa Mombasa aende Kilifi, wa Lamu azungumze kwa simu. Uliza maandishi yako yanawekwa wapi na nani huyasoma.

Na neno likikukwama kooni, usilazimishe kulitoa zima siku hiyo hiyo. Anza hivi: "Kuna jambo naona haya kulisema." Hapo mlango umeshafunguka, na mshauri atajua pa kukushika mkono.

Nasi tunaobaki mitaani tuna wajibu wetu. Tukimwona mtu akitoka kwa mshauri, tusiulize alikwenda kusema nini. Tumpe salamu, tupite.