Tairi la Trekta: Akili Hushinda Nguvu



Trekta kuukuu ingali na kazi katika mashamba yetu ya skimu. Ferguson TE20 iliundwa Uingereza tangu 1946 hadi 1956, kisha ikafuatwa na ile ya 35, na mwenye moja ya hizo ajua kwamba si ngumu kutengeneza. Lakini tairi la nyuma likipata pancha wakati masika yamekaribia, wasiwasi huingia. Huitwa vijana wanne wenye nyundo na mitaimbo, rimu ikapindwa, tyubu ikakatwa, na pengine mtu akaumia. Kazi hii haitaki nguvu nyingi. Yataka kujua jinsi rimu ilivyoundwa.

Tazama rimu tupu. Katikati imeingia ndani kama bonde, na kando zake mbili zimeinuka. Ukingo wa tairi nao una nyaya za chuma ndani yake, wala hautanuki. Kwa hiyo hauwezi kupita juu ya mdomo wa rimu isipokuwa upande wa pili wa ukingo huo umezama katika bonde. Hiyo ndiyo siri ya kazi yote.

Kwa pancha ya kawaida huna haja ya kufungua gurudumu. Simamisha trekta mahali pagumu palipo sawa, na jembe lishushwe chini. Zuia magurudumu mengine matatu kwa mawe makubwa mbele na nyuma, maana gia na breki zitakuwa huru ili gurudumu lizungushwe. Tia kabari za mti kati ya ekseli ya mbele na mwili wa trekta, pande zote mbili, trekta isije ikainama. Inua kwa jeki chini ya ekseli ya nyuma, kisha panga magogo mapana ya mti mgumu yashike uzito. Usiiamini jeki peke yake.

Sasa uliza: je, tairi lina maji? Tairi la nyuma la trekta kama hizi laweza kubeba zaidi ya lita 100, nazo ni zaidi ya kilo 100. Zungusha vali iwe juu, utoe upepo wote. Kisha ishushe chini, utoe sindano ya vali, maji yamwagike. Katika nchi za baridi kali watu hutia chumvi ya kalsiamu ili maji yasigande, nayo hula rimu. Hapa kwetu maji matupu yatosha.

Fungua nati ya vali, usukume vali ndani. Ukingo ukishikwa na kutu, mwagia maji ya sabuni, ungoje, kisha usukume kidogo kidogo kuzunguka rimu yote mpaka uachane nayo. Usitumie moto wala petroli. Halafu anza kwenye vali kwa vyuma bapa viwili, huku mwenzako akikanyaga upande wa pili wa tairi uzame katika bonde. Inua sehemu ndogo, upana wa kiganja, kila mara. Ukiona wahitaji nguvu nyingi, simama. Ukingo umetoka bondeni.

Tyubu ikitoka, pitisha kitambaa ndani ya tairi ukitafuta mwiba au msumari. Kitambaa kitanasa kabla ya vidole vyako. Kwangua kutu ya rimu na kuipaka rangi. Rimu yenye ufa isirudishwe kazini. Tena, kamwe rimu isichomelewe welding ikiwa na tairi juu yake, hata kama upepo umetolewa, kwani joto laweza kulipasua tairi.

Wakati wa kurudisha, tia tyubu upepo kidogo tu ishike umbo lake, isije ikajikunja au kubanwa na chuma. Paka kingo maji ya sabuni. Anza upande ulio mbali na vali, umalizie kwenye vali. Kama ulitoa tairi lote, angalia meno yake: ukisimama nyuma ya trekta, ncha zielekee juu. Ukigeuza, tairi halitajisafisha matope.

Sasa yaja hatari kubwa kuliko zote, yaani kujaza upepo. Tumia mpira mrefu, usimame kando, wala mtoto asikaribie. Tazama geji. Usipite ratili 35 kwa inchi ya mraba. Kama ukingo haujakaa sawa pande zote, usiongeze. Toa upepo, paka sabuni tena, uanze upya, kwa maana ukingo ukikatika tairi hulipuka na laweza kuua. Ukikaa sawa, toa upepo wote ili tyubu ijinyooshe, kisha ujaze tena kwa kazi. Kwa trekta ndogo kama hizi ratili 12 hadi 14 hutosha shambani, lakini fuata kitabu cha trekta yako.

Geji nzuri na vyuma bapa viwili ni vitu ambavyo majirani wa skimu moja waweza kununua kwa shirika. Nunueni kabla ya msimu. Haraka haraka haina baraka, na kuchelewa kupanda nusu siku ni afadhali kuliko kumzika mtu.