Je, Wajua? Mafunzo ya vichekesho vya papo kwa papo yalitokana na michezo ya watoto

Je, wajua kwamba mafunzo ya kuchekesha bila mswada, ambayo huwatia wengi tumbo joto kabla hata hawajaingia darasani, yalichipuka kwenye michezo ya watoto? Mwishoni mwa miaka ya 1930, huko Chicago, Marekani, Viola Spolin aliwafundisha maigizo watoto wa wahamiaji katika mradi wa serikali. Badala ya kuwakaririsha maneno, aliwapa michezo. Katika mmojawapo, wawili husimama uso kwa uso. Mmoja hufanya vitendo, mwenzake humwiga kama kioo. Akili ikishikwa na mchezo, haya hukosa nafasi.

• Mwana wa Spolin, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la vichekesho la The Second City, Chicago, mwaka 1959. Wachekeshaji Steve Carell na Tina Fey walipikwa hapo.

• Mwalimu mwingine wa vichekesho hivi, Keith Johnstone, Mwingereza aliyeandika kitabu *Impro* (1979), hakutaka wanafunzi wajikakamue kuonekana werevu. Aliwahimiza waseme jambo la kwanza linalowajia, hata likiwa la kawaida.

• Kanuni anayofundishwa mgeni mapema ni kukubali, kisha kuongeza. Mwenzako akisema, "Daktari, mbuzi wangu halali usiku," usimjibu kwamba wewe si daktari. Muulize, "Umempa kahawa tena?" Kisa kimeanza, na hakuna aliyelazimika kutunga mzaha.