Bangili ya Mguuni Texas: Sheria Inaadhibu Kusudi, Si Betri

Tangu tarehe 1 Septemba 2023, mtu aliyefungwa kifaa cha kufuatilia nyendo zake katika jimbo la Texas akikikata au kukizima kwa kujua, anatenda kosa la jinai linalosimama peke yake, mbali na kesi iliyomfikisha hapo. Zamani jambo hilo lilihesabiwa kuwa ni kuvunja masharti tu: dhamana inafutwa, au mwenye parole, yaani aliyeachiliwa kabla ya kumaliza kifungo, anarudishwa gerezani. Muswada namba 1004 wa Seneti ya Texas uliongeza kifungu cha 38.112 katika Kanuni ya Adhabu, nacho kinawagusa walio nje kwa dhamana, walio chini ya uangalizi badala ya kifungo, walio kwenye parole na walioamriwa kukaa nyumbani. Adhabu yake ni siku 180 hadi miaka 2 katika jela ya jimbo, na faini inayoweza kufika dola 10,000. Kwa mwenye parole aliyewekwa chini ya uangalizi mkali kuliko wote, kifungo ni miaka 2 hadi 10.

Naiunga mkono sheria hii, na nitasema kwa nini kabla ya kusema inaponitia wasiwasi. Wapo wanaoiona kuwa ni adhabu juu ya adhabu, kwa sababu jaji tayari alikuwa na uwezo wa kufuta dhamana. Hoja hiyo inamsahau mtu wa upande wa pili. Mwanamke aliyepigwa na mumewe, na mahakama ikamwamuru mume asikaribie nyumba, hulala kwa kutegemea kwamba kifaa kile kitatoa taarifa mtu akisogea. Mkanda ukishakatwa, ulinzi wake umekwisha saa hiyo hiyo, na kufutwa kwa dhamana wiki inayofuata hakumsaidii. Amri inayolinda uhai wa mtu inastahili kuwa na uzito wake yenyewe.

Lakini haki ya sheria hii yote imeegemea sharti moja, kwamba mtuhumiwa alitenda kwa kujua. Mashine haiwezi kulithibitisha hilo. Vifaa vingi vina mkanda wenye uzi mwembamba unaopitisha mwanga. Mkanda ukikatwa mwanga unakatika na taarifa inatumwa. Hapo maana yake ni wazi. Ila taarifa hutumwa pia betri inapokwisha, au mvaaji anapoingia katika jengo la chuma na kifaa kikashindwa kuzipata setilaiti. Betri hizi huhitaji kuchajiwa kila siku, mvaaji akiwa ameketi karibu na ukuta, waya umeunganishwa mguuni. Anayefanya zamu ya usiku kwenye ghala au kiwanda cha nyama, akarudi alfajiri na kulala kabla ya kuchaji, amefanya uzembe na huenda akawajibishwa kwa masharti yake. Kumwita mhalifu mpya kunahitaji ushahidi zaidi ya mstari mmoja katika kompyuta, na mzigo wa kuuleta ushahidi huo ni wa mwendesha mashtaka.

Nitajibiwa kwamba kutojua sheria si utetezi. Ni kweli, na Texas imeliandika hilo waziwazi. Anayechukua mkasi akaukata mkanda kwa sababu mguu umevimba hawezi kujitetea kwamba hakujua kuna kifungu cha 38.112. Njia yake ni hospitali, kwa maana kifungu hicho hakimhusu mtoa huduma ya afya anayekiondoa kifaa kwa lazima ya kitabibu. Na ndugu anayemshikia mkasi ajue kwamba sheria ya jimbo humhesabu msaidizi kuwa mshiriki wa kosa. Lakini kutojua sheria ni jambo moja, na kutojua kwamba kifaa kimezimika ni jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo lugha inapoingia, na ndipo watu wetu wanaozungumza Kiswahili wa Houston, Dallas, Fort Worth na Abilene walipo hatarini zaidi. Mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza ana haki ya mkalimani mahakamani chini ya kifungu cha 38.30 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya Texas. Kifaa, hata hivyo, mara nyingi hufungwa baadaye, ofisini, na fundi anayeeleza haraka namna ya kuchaji na maana ya taa na mitetemo, kisha anasogeza karatasi itiwe saini. Saini hiyo ndiyo itakayoonyeshwa siku moja kuwa ushahidi kwamba mtu alijua. Haifai kutiwa chini ya maneno ambayo hayakueleweka.

Kwa asiye raia, hatari haiishii jela. Texas ina utaratibu wa kukiri kosa bila hukumu kuandikwa: mtu akimaliza uangalizi kesi inafungwa, na wengi huufurahia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani hutazama kukiri pamoja na masharti yaliyowekwa, na huhesabu kwamba mtu ametiwa hatiani. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky wa mwaka 2010, wakili wa utetezi anawajibika kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini kabla ya kukiri. Vifaa vinavyofungwa na idara ya uhamiaji yenyewe vina utaratibu mwingine, na havimo katika orodha ya kifungu hiki, japo kuvikata kunaweza kumrudisha mtu kizuizini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na jamaa aliyefungwa kifaa hiki, mwambie aombe maelekezo kwa Kiswahili kabla ya kusaini. Taa ikibadilika au kifaa kikikataa kuchaji, ampigie afisa wake saa hiyo hiyo, aandike muda na jina la aliyemjibu, na autunze ujumbe wowote aliotumiwa. Akishtakiwa, jambo la kwanza kumwambia wakili ni hadhi yake ya uhamiaji, na asikiri chochote kabla wakili hajamweleza hatari ya kufukuzwa nchini.