Kidonge cha Shinikizo la Damu Hakigawanwi Kambini

Askari hufunzwa tangu siku za mwanzo kwamba bunduki haiazimwi. Kila mmoja hukabidhiwa yake kwa namba, akaitunza, naye ndiye wa kuulizwa juu yake. Ziko dawa zinazostahili kutunzwa kwa nidhamu iyo hiyo, na mojawapo ni spironolaktoni, dawa inayozuia kazi ya homoni ya aldosteroni mwilini. Hutolewa kwa wenye shinikizo la damu lililoshindikana kwa dawa nyingine, na kwa wenye maradhi fulani ya tezi za adrenali. Ni dawa njema. Lakini katika joto la Juba, na katika desturi ya kambini ya kupeana vidonge, inafaa askari na polisi waielewe kabla ya kuimeza.

Tezi za adrenali ni mbili, nazo zimekaa juu ya figo mfano wa kofia. Aldosteroni, iliyotambuliwa na wataalamu mwaka 1953, hutoka humo. Kazi yake ni kuziamuru figo zihifadhi chumvi na maji, na kuitoa potasiamu kwa njia ya mkojo. Bila ya homoni hii, mtu atokwaye na jasho kutwa nzima angeishiwa na maji na chumvi upesi.

Ujuzi wetu juu ya homoni hii unahusiana na maisha ya askari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani Jerome Conn alichunguza jinsi mwili unavyozoea joto, kwa manufaa ya askari waliopelekwa katika nchi za joto. Aliona kwamba mwili uliozoea joto hupunguza chumvi itokayo kwa jasho, naye akazielekea tezi za adrenali kutafuta sababu. Mwaka 1954 alimpata mgonjwa, mwanamke wa miaka 34, mwenye shinikizo kubwa la damu na misuli iliyolegea. Tezi yake moja ilikuwa na uvimbe uliomwaga aldosteroni kupita kiasi. Uvimbe ulipoondolewa, alipata nafuu. Tangu hapo maradhi hayo yakaitwa kwa jina la Conn. Wagonjwa wasiofaa kupasuliwa hutibiwa kwa spironolaktoni.

Manufaa ya dawa hii hayana shaka. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2015 ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa ambao dawa tatu hazikutosha kushusha shinikizo la damu, kuongeza spironolaktoni ya miligramu 25 hadi 50 kwa siku kulifaa kuliko dawa nyingine zilizolinganishwa nayo.

Lakini aldosteroni ikizuiwa, potasiamu hubaki mwilini. Ikizidi katika damu, misuli hulegea, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo waweza kusimama. Hatari kubwa ni kwamba mara nyingine haitoi dalili yoyote kabla. Mfano tunao kutoka jimbo la Ontario, Kanada. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba dawa hii huokoa wenye udhaifu wa moyo, na madaktari wakaiandika kwa wingi. Miongoni mwa wazee wenye maradhi hayo waliokuwa pia wakitumia dawa za jamii ya enalaprili, waliolazwa kwa sababu ya potasiamu iliyozidi walipanda kutoka 2.4 kwa kila 1,000 mwaka 1994 hadi 11.0 mwaka 2001. Vifo navyo viliongezeka.

Ikiwa mambo yalikuwa hivyo katika nchi ya baridi yenye maabara nyingi, sisi tunapaswa kujihadhari zaidi. Machi 2024 shule za Sudan Kusini zilifungwa kwa kuwa joto lilitazamiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzimia mjini Juba. Lakini lindo halifungwi, wala polisi wa barabarani hapewi likizo ya jua. Mwili ukikaukiwa na maji, figo huchoka, na potasiamu huzidi kujikusanya.

Kwa hiyo yashikwe haya. Kwanza, damu ipimwe potasiamu na kazi ya figo kabla ya kuanza dawa, kisha ndani ya wiki ya kwanza, baada ya mwezi, na kila daktari atakapoagiza. Anayehamishiwa kituo cha mbali aulize mapema: huko damu itapimiwa wapi? Pili, akipatwa na kuhara, kutapika au homa kali, asiendelee kumeza kwa mazoea. Amwone tabibu siku hiyo hiyo. Tatu, amtajie tabibu kila dawa anayotumia. Enalaprili, lisinoprili na losartani, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, hata Septrin, huweza kupandisha potasiamu zikitumiwa pamoja na dawa hii. Nne, ajiepushe na chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa potasiamu. Askari wa kike mwenye mimba, au anayetarajia kuipata, amweleze daktari.

Kugawana ndiyo hatari kubwa. Kuna maradhi mengine ya adrenali, yaliyoelezwa na Thomas Addison wa London mwaka 1855, ambayo tezi hushindwa kutoa homoni za kutosha. Kifua kikuu ni mojawapo ya sababu zake. Mgonjwa huyo hukonda, huchoka, na shinikizo lake la damu hushuka. Akipewa kidonge cha mwenzake kwa kuwa wote wameambiwa wana ugonjwa wa adrenali, chaweza kumwua.

Liko pia jambo ambalo wanaume hulificha. Dawa hii huweza kuvimbisha matiti na kuyatia maumivu, au kupunguza nguvu za kiume. Wengine huiacha kimya kimya kwa haya, na shinikizo likarudi. Hilo si jambo la aibu. Daktari akiambiwa ataweza kupunguza kipimo au kubadili dawa, kwani ipo eplerenoni isiyoleta sana taabu hiyo.

Ndugu askari, mwenzako akikuomba kidonge, usimpe. Mfuatane zahanati, akapimwe apate dawa iliyo yake.