Moyo wenye msuli mnene: mtoto akianguka katikati ya mbio



Wengi wetu tunamkumbuka Marc-Vivien Foé, mchezaji wa Kameruni. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, alianguka uwanjani katika mchezo na Kolombia, na hakuna aliyemgusa. Alikuwa na miaka 28. Waliopima mwili wake walikuta msuli wa moyo umenenepa kupita kiasi. Watu wakashangaa: mwanaume mwenye nguvu vile? Ndiyo, ugonjwa huu hauonekani kwa macho.

Moyo una kazi mbili: kujaa damu, kisha kuisukuma. Ukuta wa chumba chake cha kushoto kwa kawaida hauzidi milimita 12. Kwa mgonjwa mkubwa unafika 15 au zaidi. Ajabu ni kwamba moyo huo mara nyingi unasukuma vizuri. Shida iko katika kujaa: ukuta mnene ni mgumu, haulegei. Kwa wengine unaziba hata njia ya damu kutoka. Mtu akikaa anajisikia mzima. Akipanda mlima na bidoni ya lita 20, moyo unapiga haraka, muda wa kujaa unafupika, na damu inayotoka haitoshi. Hapo pumzi inakatika, kifua kinabana, kichwa kinazunguka.

Basi mtoto anayechoka kuliko wenzake tusimwite mvivu. Na akizimia katikati ya mbio, tusikimbilie kutafuta mchawi. Siku hiyo hiyo aache mpira, apelekwe kwa munganga, na tuulizie ekografia ya moyo. Haiumizi, lakini si kila kituo cha afya kina mashine hiyo, na bei si ndogo. Hapa likelemba yetu ingefaa zaidi kuliko kwa vitenge vya sikukuu.

Ugonjwa huu mara nyingi unapita katika ukoo. Mzazi akiwa na kasoro hiyo ya kurithi, kila mtoto, msichana kama mvulana, ana nusu ya uwezekano wa kuipata. Kwa hiyo akigunduliwa mmoja, wazazi na ndugu zake wapimwe pia. Mwambieni munganga kama kuna kijana wa ukoo aliyekufa ghafla. (Tansio ya muda mrefu nayo inanenepesha moyo, munganga ndiye anayetofautisha.)

Je, mgonjwa akae tu kitini? Zamani wengi waliambiwa hivyo. Lakini utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2017 ulifuata wagonjwa 136 kwa majuma 16. Waliofanya mazoezi ya kiasi waliongeza uwezo wao, ingawa kidogo, na hayakuwaletea madhara makubwa. Kiasi maana yake ni kutembea huku bado unaweza kuongea. Mashindano na mizigo mizito vingoje ruhusa ya munganga. Mgonjwa anywe maji ya kutosha wakati wa joto, kwa sababu kukaukiwa kunazidisha kuziba kule. Na dawa ya kupunguza mapigo asiiache ghafla, hata akijisikia amepona.