TAIRI NA RIMU LAZIMA VIPATANE

Wengi wetu tukienda Moshi mjini kununua tairi la baiskeli tunasema tu, "Nipe la 26." Muuzaji anatoa, tunalipa, tunapanda nalo mpaka Kibosho au Uru. Tukifika nyumbani tairi haliingii. Pesa imekwenda. Kwa nini?

Ndugu msomaji, 26 siyo moja. Tufute tope ubavuni mwa tairi, tusome. Tairi lililoandikwa 26 x 1.95 mara nyingi lina namba nyingine pia: 50-559. Hiyo 50 ni unene wa tairi kwa milimita. Na 559 ni kipimo cha duara pale tairi linapokaa kwenye rimu. Lakini tairi la 26 x 1 3/8 ni 590! Yote mawili huitwa 26, na moja halikai mahali pa jingine. Baiskeli kubwa za mizigo, kama Phoenix, nyingi hutumia 28 x 1 1/2, yaani 635. Namba hii ya pili lazima ilingane kabisa. Basi tuinakili kwenye karatasi kabla ya kushuka mjini, na tusome wenyewe kabla ya kulipa.

Unene unaweza kupishana kidogo, siyo sana. Tairi nene mno kwenye rimu nyembamba huyumba kwenye kona, kama mtu mnene aliyekalia kigoda. Tairi jembamba kwenye rimu pana halikingi rimu. Likigonga jiwe, rimu inapinda.

Sasa upepo. Tairi jembamba hutaka upepo mwingi, tairi nene hutaka kidogo. Tairi nene lina nafasi kubwa ndani, kwa hiyo upepo wa nguvu ileile huvuta kingo za rimu zaidi. Tukilijaza mpaka liwe gumu kama jembamba, kingo zinaweza kupasuka, au tairi likachomoka. Hebu fikiri litokee kwenye mteremko, na mikungu ya ndizi iko nyuma! Kiwango cha juu kimeandikwa ubavuni, karibu na herufi PSI. Tusikipite.

Lakini upepo mdogo nao ni hasara. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mzigo, basi lijazwe kuliko la mbele. Tukishapakia tuliangalie. Likibonyea kidogo, sawa. Likilala chini, rimu itabana tyubu kwenye jiwe, na tutakuta matundu mawili pamoja, kama meno ya nyoka.