Nani Hulipia Siku za Theluji? Mipango ya Wafanyakazi wa Ujenzi katika Majira ya Baridi

Katika nchi za kaskazini kama Ujerumani, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, ujenzi hukabiliwa kila mwaka na kipindi cha miezi minne hivi, kuanzia Desemba hadi Machi, ambapo ardhi huganda, mchana hufupika, na kazi nyingi za nje ama husimama ama huendelea kwa gharama kubwa kuliko kawaida. Kipindi hicho humletea mkandarasi maswali mawili yasiyotengana: la kwanza ni kazi zipi zitafanyika na kwa watu wangapi, na la pili ni nani atakayelipia siku ambazo hakuna kitakachofanyika. Swali la kwanza ni la kihandisi na limekwisha kupatiwa majibu mengi. La pili ni la kijamii, na historia inaonyesha kwamba ndilo gumu zaidi.

Chanzo cha tatizo ni maji. Zege, yaani mchanganyiko wa saruji, kokoto, mchanga na maji, halishiki kwa kukauka kama wengi wanavyodhani, bali hushika kwa sababu saruji huungana na maji kikemikali, na muungano huo hupungua kasi kadiri baridi inavyozidi. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, hivyo zege changa likipatwa na barafu huharibika ndani kwa ndani hata kama kwa nje linaonekana zima. Ndiyo maana Taasisi ya Zege ya Marekani huihesabu hali ya hewa kuwa ya baridi pale joto linaposhuka, au linapotarajiwa kushuka, chini ya nyuzi 4 za Selsiasi katika kipindi cha kulilinda zege, na hutaka zege lifikie nguvu ya megapaskali 3.5 hivi, ambayo ni sehemu ndogo tu ya nguvu yake ya mwisho, kabla halijaachwa ligande kwa mara ya kwanza.

Sharti hilo, ambalo likisomwa kitabuni linaonekana kuwa jambo la maabara, kwenye saiti hugeuka kuwa idadi ya watu. Zege lililomwagwa Julai huhitaji kumwagiliwa maji na kuachwa. Lililomwagwa Januari huhitaji watu wa kufagia theluji na kuyeyusha barafu kwenye nondo kabla ya kazi kuanza, watu wa kufunika kwa turubali na blanketi za kuhifadhi joto mara tu kazi inapokwisha, na mlinzi wa usiku wa kuangalia mitambo ya kupasha hewa joto, kwa sababu mtambo ukizimika saa nane za usiku kazi ya jana yote huwa hatarini. Mitambo hiyo ikiwa ya kuchoma mafuta au gesi huweza kutoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, hivyo mlinzi huyo hawezi kuwa mtu yeyote tu aliyekosa kazi nyingine. Makadirio yanayochukua idadi ya vibarua wa majira ya joto na kuihamishia Januari bila kuibadilisha huwa yamekosea tangu mwanzo.

Kwa sababu hiyo wakandarasi wenye uzoefu huanza kupanga kutoka mwisho. Hujiuliza jengo linapaswa kuwa katika hali gani theluji ya kwanza inapoanguka, kisha huhesabu kurudi nyuma hadi kwenye tarehe ya kuchimba msingi. Mjini Toronto, ambako msingi hulazimika kufika kina cha mita 1.2 hivi ili barafu ya ardhini isiunyanyue, kuchimba Februari ni adhabu, kwa kuwa tabaka la juu la udongo huwa limekuwa gumu mithili ya jiwe. Lengo ni kazi za udongo na msingi zimalizike mapema, na jengo lifungwe, yaani lipate paa, kuta na madirisha, au angalau liwe limefunikwa kwa plastiki nzito, kabla ya Desemba. Jengo likishafungwa, mafundi umeme, mafundi bomba, wapiga plasta, waweka vigae na wapaka rangi wanaweza kufanya kazi ndani kwa joto la kutosha, wakati theluji inaanguka nje.

Mfano maarufu ni jengo la Empire State jijini New York. Kusimika vyuma vyake kulianza Machi 1930, kazi ya kuta za nje ikakamilika Novemba mwaka huohuo, na jengo likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Kilele cha wafanyakazi, zaidi ya watu 3,400 kwa siku, kilifikiwa Agosti, wakati ambapo mchana ni mrefu na hakuna barafu, na kazi zilizosalia kwa miezi ya baridi zikawa hasa za ndani. Kasi ya mradi ule husifiwa sana. Mpangilio wake wa majira husifiwa kidogo kuliko unavyostahili.

Upungufu wa mpango kama huo ni kwamba hauwasaidii watu wote kwa usawa. Fundi umeme hupata kazi ya kutosha mwezi Januari, lakini mwashi, mjenzi wa barabara, mwezekaji wa paa na dereva wa mtambo wa kuchimbia hubaki bila kazi, kwa kuwa ujuzi wao ni wa nje. Hata wale wanaoendelea nje hawawezi kufanya kazi kwa saa zilezile. Mjini Berlin mwanga wa jua mwishoni mwa Desemba haufiki saa 8 kwa siku, na baridi yenyewe hudai mapumziko. Kanada kuna ratiba, iliyobuniwa na idara ya kazi ya jimbo la Saskatchewan, inayoeleza ni muda gani mtu afanye kazi kabla ya kuingia mahali penye joto: kwenye nyuzi 38 hadi 39 chini ya sifuri pasipo upepo, vipande vya kazi visizidi dakika 40, na katika zamu ya saa 4 kuwe na mapumziko manne ya kuota moto. Mapumziko hayo yakiwa ya dakika kumi kumi, sehemu moja ya sita ya zamu imekwisha kutoka kabla ya kuhesabu muda wa kuvaa na kuvua makoti, na upepo ukivuma hali huwa mbaya zaidi. Joto likifika nyuzi 43 chini ya sifuri, ratiba hiyo hutaka kazi yote isiyo ya dharura isimame.

Wasomaji walio na ndugu Oman, Qatar au Falme za Kiarabu watatambua jambo hilohilo likiwa limepinduliwa. Huko ni jua linalosimamisha kazi, kwani sheria hukataza kazi za juani saa za mchana katika miezi ya joto, na majira ya baridi ndiyo msimu mzuri wa kujenga.

Kuhusu swali la pili, la siku zilizopotea, jibu la zamani lilikuwa rahisi na katili: mkandarasi aliwaachisha kazi watu wake theluji ilipoanza na kuwaajiri wengine, au haohao, ilipoyeyuka. Jibu hilo bado linatumika kwingi. Marekani mjenzi aliyesimamishwa Desemba kwa kawaida huomba malipo ya bima ya ukosefu wa ajira na kusubiri aitwe, na kibarua wa Afrika Mashariki anayerudishwa nyumbani bila ujira mvua ya masika inapojaza maji kwenye mashimo ya msingi anaijua hali hiyo vizuri, ila yeye hana hata bima hiyo.

Ujerumani Magharibi ilichukua njia tofauti mwaka 1959, ilipoanzisha malipo ya hali mbaya ya hewa, ambayo yaliwezesha mfanyakazi wa ujenzi kubaki katika ajira yake na kupata fidia kwa saa ambazo hali ya hewa ilizuia kazi. Malipo hayo yalifutwa mwishoni mwa mwaka 1995 kwa ajili ya kubana matumizi, na idadi ya wajenzi wasio na kazi katika majira ya baridi ikapanda, hali iliyoonyesha kwamba gharama haikuondoka bali ilihama tu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Baada ya kujaribu taratibu kadhaa za kati, nchi hiyo iliweka mwaka 2006 utaratibu unaotumika hadi sasa, wa malipo ya msimu kwa saa zilizopunguzwa.

Utaratibu huo unastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu unaunganisha mpango wa mwaka mzima. Kwanza, mkataba wa pamoja wa sekta ya ujenzi, yaani makubaliano kati ya chama cha wafanyakazi na vyama vya waajiri, umegawa mwaka sehemu mbili: kuanzia Aprili hadi Novemba wiki ya kazi ni ya saa 41, na kuanzia Desemba hadi Machi ni ya saa 38, ili wastani wa mwaka uwe 40. Pili, kampuni zinaweza kufungua akaunti za saa, ambamo saa za ziada za majira ya joto huwekwa akiba badala ya kulipwa papo hapo, kisha hutolewa siku ambazo hakuna kazi. Mfanyakazi anayetumia saa zake za akiba kwa njia hiyo huongezewa hadi yuro 2.50 kwa kila saa. Tatu, akiba ikiisha, shirika la ajira la serikali hulipa asilimia 60 ya mshahara halisi uliopotea, au asilimia 67 kwa mwenye watoto. Nne, anayeendelea kufanya kazi kati ya tarehe 15 Desemba na mwisho wa Februari hupata yuro 1 ya ziada kwa saa. Nyongeza hizo hutoka katika mfuko unaochangiwa na sekta yenyewe, ambao katika kazi kuu za ujenzi huchukua asilimia 2 ya mishahara, waajiri wakitoa 1.2 na wafanyakazi 0.8. Juu ya yote hayo, mkataba wa pamoja unakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya hali ya hewa katika miezi hiyo minne.

Faida ya mwajiri ni dhahiri, kwa kuwa fundi aliyeachishwa Desemba huenda asirudi Aprili, na kumtafuta mwingine hugharimu zaidi ya mchango wa mwaka.

Kanada ilijaribu upande wa pili, yaani kuitafutia miezi ya baridi kazi badala ya fidia. Mwaka 1958 serikali ya shirikisho ilianza kulipa nusu ya mishahara ya kazi za manispaa zilizofanywa katika majira ya baridi, na mwaka 1963 ikaahidi dola 500 kwa kila nyumba iliyojengwa katika miezi hiyo. Njia hiyo ina mvuto wake, kwani mtu hulipwa kwa kazi, lakini hutegemea bajeti ya mwaka na hiari ya serikali iliyopo, ilhali ile ya Ujerumani imefungwa katika sheria na mkataba.

Hata hivyo, ulinzi wa Ujerumani humfikia aliyeajiriwa rasmi na kampuni ya sekta hiyo, si kibarua anayelipwa mkononi wala anayesajiliwa kwa karatasi kama mkandarasi wa kujitegemea huku akipokea amri kama mwajiriwa. Jambo hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mjini Berlin, Septemba 2024, makubaliano ya uhamiaji na ajira. Fundi yeyote anayefikiria kwenda kujenga katika nchi za theluji asiishie kuuliza mshahara wa saa moja, bali atake kuonyeshwa katika mkataba wake, kabla ya kutia saini, atalipwa nini na nani kuanzia Desemba hadi Machi.